Kura ya Mama Mkwe

Shirika la reli lilipobandika ratiba ya zamu, Dereva aliisoma mara mbili, kisha akavua kofia akaisoma mara ya tatu. Siku ya uchaguzi alikuwa amepangiwa treni ya mizigo ya alfajiri, safari ya siku mbili kwenda na kurudi. Nchi nzima ikiwa imepanga foleni, yeye atakuwa katikati ya pori na mabehewa thelathini ya saruji mgongoni.

"Usihangaike," ofisa utumishi alimwambia. "Watu wa zamu wanaruhusiwa kupiga kura mapema, Alhamisi na Ijumaa ya wiki inayotangulia. Tutakuandikia barua."

Barua ikaandikwa, ikapigwa muhuri, ikatiwa ndani ya bahasha. Dereva akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati bila kuifungua, jambo ambalo baadaye alijilaumu kwalo mpaka akachoka.

Mwaka ule uchaguzi ulikuwa umewaingia watu kama homa. Marafiki wa miaka ishirini walikuwa hawapeani mikono. Kinyozi wa mtaani alikuwa ameandika ukutani kwa chaki, "Hapa tunanyoa tu, siasa nje," na bado wiki haikupita bila mtu kususa na kuondoka na nusu ya kichwa imenyolewa. Wagombea walikuwa watano kwenye karatasi, lakini kila mtu alijua ni wawili tu: Mhandisi, ambaye alama yake ilikuwa ngazi, na Meya, ambaye alama yake ilikuwa kengele.

Dereva alikuwa wa kengele, ingawa ukweli ni kwamba Meya hakumpenda sana. Alichokuwa nacho ni chuki ya Mhandisi. Mhandisi alipokuwa waziri ndiye aliyeifunga njia ya tawi, reli ya zamani iliyopanda milimani, na kuwaachisha kazi watu mia tatu kwa barua ya aya mbili. Mmoja wao alikuwa msaidizi wa Dereva, mtu aliyekula naye sahani moja ndani ya injini kwa miaka tisa. Sasa alikuwa kibarua wa kupakua magunia, leo kapata, kesho kakosa, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Redio ikitaja jina la Mhandisi, Dereva aliizima, hata kama ni redio ya mtu mwingine.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa wa kengele kwa moto kuliko yeye. Lakini mama yake mkewe na kaka yake mkewe walikuwa wa ngazi, na hapo ndipo ukoo ulipopasuka katikati.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mtaani walimwita Mwalimu tu, na wanaume wenye mvi walizima sigara wakimwona anakuja. Shule yake ilikuwa juu ya kilima kisicho na maji, na kwa miaka ishirini na miwili watoto walipanda na ndoo kichwani kabla ya kusoma herufi hata moja. Mhandisi ndiye aliyefikisha bomba. "Wengine waliahidi," Mwalimu alizoea kusema. "Yeye alifungua koki nikaona maji kwa macho yangu."

Macho yenyewe sasa yalikuwa yamemwacha. La kushoto liliharibiwa zamani na presha ya macho. La kulia lilifunikwa na mtoto wa jicho, akawa anaona vivuli na mwanga wa dirisha, basi. Baada ya kusubiri miezi minane, hospitali ilimpa tarehe ya upasuaji, na tarehe hiyo ikaangukia siku moja kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo naye akaingia kwenye orodha ya watu wa kupiga kura mapema.

"Utampeleka mama Ijumaa," mkewe akamwambia Dereva. "Mnakwenda mahali pamoja, na gari ni moja."

"Kaka yako je?"

"Kaka kasafiri kufuata rangi za duka lake. Harudi mpaka Jumatatu." Akauma uzi, akautema. "Usifikiri nafurahi. Nampeleka mama yangu mwenyewe akampigie yule mtu. Lakini ni mama."

"Ni mama," Dereva akakubali. Mtu unaweza kugombana na mkeo, na shemeji yako, hata na mkubwa wako kazini. Na mama mkwe utaanzia wapi?

*

Ijumaa saa tatu asubuhi walikuwa kwenye ukumbi wa manispaa. Foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta na kurudi hadi kwenye choo. Walikuwapo wauguzi wenye sare, askari, walinzi, mafundi wa umeme, wajawazito, watu wenye magongo. Mama mkwe aliletewa kiti. Dereva akasimama nyuma ya kile kiti, na kila foleni iliposogea hatua mbili alimwinua mama, akasogeza kiti, akamkalisha tena. Mashine ya kuhakiki majina ilizimika saa nne, ikawaka, ikazimika saa nne na nusu. Karani mmoja akatoka kwenda kutafuta waya, na waya ulichukua dakika arobaini.

"Ndiyo nchi anayotaka kuturudisha Mhandisi wenu," Dereva alitamani kusema. Akameza.

"Ndiyo manispaa aliyotuachia Meya wenu," mama mkwe akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na watu wawili mbele wakageuka. Dereva akatazama viatu vyake.

Walifika mezani saa sita kasoro. Msimamizi alikuwa binti mwenye miwani na sauti iliyokauka kwa kurudia maneno yaleyale tangu jana. Akachukua vitambulisho na karatasi za wote wawili, akaanza na za mama kwa heshima ya umri. Cheti cha hospitali kilikuwa sawa.

"Bibi, kwa kuwa huoni vizuri, unaruhusiwa msaidizi wa kukuwekea alama. Naweza kuwa mimi, mbele ya mawakala wa vyama, au mtu yeyote unayemwamini."

Mama mkwe hakufikiri hata kidogo. "Mkwe wangu huyu."

Dereva akainama sikioni kwake. "Mama, labda huyu dada ndiye anayejua taratibu..."

"Huyu dada simjui. Wewe nakujua."

"Lakini mama, unajua mimi ni..."

"Najua wewe ni wa kengele. Jirani zako wote wanajua, maana unapiga kelele. Umekuja kunisaidia au hukuja?"

Akapewa fomu ya kiapo. Ilisema kwamba msaidizi ataweka alama pale atakapoambiwa na mpiga kura, na kwamba hatamwambia mtu mwingine yeyote, wakati wowote, kura hiyo ilikwenda wapi. Chini yake kulikuwa na onyo la kifungo. Dereva akatia saini. Wakala wa kengele, kijana mwenye fulana ya njano, alimkonyeza. Dereva akajifanya hakuona.

Kibanda cha kupigia kura kilikuwa cha maboksi, kimebana, watu wawili wakiingia wanagusana mabega. Mama mkwe alinukia sabuni na dawa ya macho. Dereva akaitandaza karatasi juu ya meza.

"Nisomee wote," mama akanong'ona. "Kuanzia juu."

Akamsomea. Meya alikuwa wa kwanza. Mhandisi alikuwa wa tatu, ametabasamu kwenye picha kama mtu aliyeketi kwake.

"Weka kwenye ngazi."

Dereva akashika kalamu. Ilikuwa imefungwa na uzi mfupi, ikabidi ainame. Hapo akaona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Mama hakuona kitu. Mawakala walikuwa mbali. Kalamu ingesogea juu kiasi cha vidole vitatu, mstari huku na mstari kule, karatasi ikakunjwa, na hakuna binadamu ambaye angejua mpaka mwisho wa dunia. Akamkumbuka msaidizi wake wa zamani, siku ile ya barua, ameketi kwenye ngazi ya injini na kofia mkononi, akiuliza, "Sasa nitawaambia nini nyumbani?"

"Mbona kimya?" mama mkwe akauliza. "Kalamu haiandiki?"

Ingekuwa rahisi kama angemuuliza umeweka wapi, au kama angempapasa mkono kuhakikisha. Wala. Alisimama tu ameshika pochi yake, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa dirisha, anasubiri. Dereva akamkasirikia kwa hilo kuliko kwa Mhandisi.

Akasema moyoni: sawa. Hii nitaweka anapotaka, na dakika tano zijazo nitaweka yangu, na zitamalizana.

Akaweka alama kwenye ngazi. Mkono ulikuwa unamtetemeka kwa hasira, na mstari wa pili ukatoka nje ya kisanduku kidogo.

"Tayari, mama."

"Ahsante, mwanangu."

Akaikunja, akamshika mkono mpaka kwenye sanduku, na mama akaitumbukiza mwenyewe.

*

Sasa zamu yake. Msimamizi alifungua ile bahasha, akasoma barua, akatazama kitambulisho, akasoma tena. Akavua miwani.

"Kaka, hii namba siyo."

"Namba ipi?"

"Kitambulisho chako kinaishia sita tisa. Barua ya kazini imeandika sita sita."

Dereva akaichukua. Kweli. Mtu fulani ofisini, kwa kidole kimoja, alikuwa ameigeuza tisa kuwa sita.

"Dada yangu, jina ni langu. Picha ni yangu. Nimesimama hapa masaa matatu. Hivi sasa tu nimekula kiapo mbele yako kwa kitambulisho hikihiki."

"Kile ni kiapo cha msaidizi. Msaidizi hahitaji barua."

"Kwa hiyo naruhusiwa kumwekea mtu mwingine kura, ila yangu siruhusiwi?"

Binti akapumua. Alionekana kama amekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi kwa sura mbalimbali. "Lete barua iliyorekebishwa. Tunafunga saa kumi kamili. Leo ndiyo mwisho."

Dereva alitaka kumrudisha mama nyumbani kwanza. Mama mkwe akakataa katakata. "Utapoteza saa nzima kwa ajili yangu? Twende huko ofisini." Akaingia garini, akafunga mkanda kwa kupapasa.

Ofisi ya shirika ilikuwa upande wa pili wa mji. Ofisa utumishi alikuwa amekwenda kula. Katibu wake alisema atarudi saa saba. Saa saba ikawa saa nane, na saa nane ikawa "yuko njiani." Dereva alizunguka ile korido kama simba wa maonyesho. Mama mkwe aliketi kwenye benchi, mgongo umenyooka, na kila baada ya muda akauliza, "Saa ngapi sasa?" mpaka katibu mwenyewe akaanza kuona aibu, akapiga simu mara tatu.

Ofisa alifika saa tisa kasoro robo akichokonoa meno.

"Ah, sita na tisa," akacheka. "Ni ileile tu imesimama kichwa chini."

Dereva hakucheka. Barua mpya ikachapwa. Mashine ikakwama karatasi. Ikafunguliwa, ikapigwapigwa, ikafungwa. Muhuri ukakosa wino. Safari hii Dereva aliisoma barua neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu, mbele ya kila mtu, na mama mkwe akamwambia, "Isome kwa sauti," naye akaisoma kwa sauti. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na tano. Ukumbi ulikuwa mwendo wa dakika ishirini.

Kwenye mzunguko wa barabara kuu magari yalikuwa yamesimama. Dereva akatoa kichwa dirishani. Mbele kulikuwa na magari ya wazi, spika, pikipiki zinazonguruma, na bahari ya fulana za njano. Msafara wa Meya. Meya mwenyewe alikuwa amesimama juu ya gari anapunga mikono yote miwili, na watu wake wamefunga njia zote nne wanacheza.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza.

"Msafara, mama."

"Wa nani?"

Dereva akarudisha kichwa ndani. Kijana mmoja aliyejifunga bendera alikuja akaligonga bati la gari kwa kiganja, akaingiza kengele ya chuma dirishani na kuitikisa sikioni mwa Dereva. "Itikia, mzee! Itikia kengele!"

"Nina kura ya kwenda kuwapigia!" Dereva akafoka. "Nipisheni nikawapigie, jamani! Ninyi ndio mnanizuia!"

"Kengele oyee!" kijana akaitikia kwa furaha, akaenda gari la nyuma.

Mama mkwe hakusema neno. Alikuwa amepata nafasi ya kusema lolote alilotaka, na hakusema, na ule ukimya ulimuuma Dereva kuliko kengele.

Walifika ukumbini saa kumi na dakika saba. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Ndani, kupitia nondo, aliwaona watu kama thelathini bado wako kwenye foleni, na yule binti mwenye miwani bado yuko mezani.

"Waliofika kabla ya saa kumi wanamalizia," mlinzi akasema. "Wewe umefika baada."

"Nilikuwa hapa tangu saa tatu asubuhi! Muulize yule dada! Muite!"

"Mzee, saa kumi ni saa kumi."

Mama mkwe akashuka garini peke yake, akafuata sauti mpaka kwenye lango, akashika nondo. "Kijana," akasema, kwa sauti iliyonyamazisha madarasa miaka thelathini na mitano. "Mtu huyu alikuwa hapa. Mimi ni shahidi. Fungua."

Mlinzi alinyooka bila kujijua. Akaenda ndani kuuliza. Dereva akamwona anainama kwa binti, binti anatazama lango, anatazama mawakala, wakala wa ngazi anatikisa kichwa, wakala wa njano naye anatazama saa yake na kutikisa kichwa. Mlinzi akarudi.

"Wamesema sheria ni sheria. Samahani, bibi."

Dereva akaipiga teke tairi ya gari lake mwenyewe. Kisha, kwa kuwa mama mkwe alikuwa amesimama pale, akaomba radhi kwa tairi.

*

Jioni, wakiwa mezani peke yao, mkewe alisikiliza habari yote ya barua na msafara, akasikitika, akawalaani makarani. Kisha akaanza kutabasamu pole pole.

"Subiri kwanza. Nani alimwekea mama alama?"

"Mimi."

"Wewe! Ndani ya kibanda, wawili tu?"

"Wawili tu."

"Uliweka wapi?"

Dereva akalisogeza bakuli. "Nimetia saini kiapo. Siruhusiwi kusema."

"Mimi mkeo."

"Kimeandika mtu yeyote."

Mkewe akamtazama, macho yakaanza kung'aa. Akamwongezea nyama bila kuulizwa. "Sawa. Usiseme. Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Nimeelewa." Akampigapiga begani, akaenda jikoni akiimba.

Dereva akabaki na kijiko hewani. Akisema hapana, amevunja kiapo. Akinyamaza, amekubali wizi. Akafikiri kumwita amwambie, kisha akaona sura itakayobadilika pale akisikia, akashindwa. Akala ile nyama, na haikuwa na ladha.

Jumanne asubuhi walimpeleka mama hospitali. Shemeji, yule mwenye duka la rangi, alikuwa amerudi, na wote watatu wakakaa kwenye korido nje ya wodi kusubiri upasuaji uishe. Kwa saa ya kwanza walizungumzia mvua. Saa ya pili Shemeji akasema kura za ngazi zitamiminika kesho. Mkewe Dereva akasema zitamiminika chooni. Shemeji akasema hata mama yake ameonyesha mfano, amepiga mapema licha ya macho. Dereva akaona linakuja, akamkanyaga mkewe mguu. Amechelewa.

"Kura ya mama mtaikuta kwenye kengele!" mkewe akasema.

Shemeji akamgeukia Dereva pole pole. "Amesema nini?"

"Shemeji, tulia..."

"Ulimwibia mama yangu kura?"

"Sikumwibia mtu."

"Basi sema uliweka wapi!"

"Siruhusiwi kusema."

"Sikilizeni!" Shemeji akawaambia wagonjwa wote wa korido. "Hawezi kusema! Mwanamke haoni, kamwamini, yeye kamgeuka!"

"Na kama alifanya hivyo, alifanya kwa faida ya nchi!" mkewe akapayuka akimtetea, na kila neno la utetezi lilikuwa msumari. Muuguzi akatoka kuwanyamazisha. Kumbe mama alikuwa amesharudishwa wodini kwa mlango wa pili, na mlango uliokuwa mbele yao ulikuwa wazi kiasi cha mkono.

"Wewe mkwe," sauti yake ikatoka ndani. "Ingia. Hao wengine wabaki huko huko."

Alikuwa amelala chali, jicho la kulia limefunikwa kwa bandeji na kikombe cha plastiki. Dereva akasimama miguuni pa kitanda.

"Kiapo chako kinakuzuia kuwaambia wengine," mama mkwe akasema. "Mwenye kura ni mimi. Niambie."

"Niliweka kwenye ngazi, mama. Mstari wa tatu, kama ulivyosema. Mkono ulikuwa unatetemeka, mstari mmoja ukatoka nje kidogo."

"Ulikuwa unatetemeka kwa nini?"

"Kwa hasira."

"Hasira ya nini?"

"Ya kwamba unakosea, mama. Nisamehe. Yule mtu alikula mkate wa rafiki yangu."

Mama mkwe akaigusa bandeji. Kisha akasema, "Ulitoka nje kiasi gani?"

"Kidogo. Kama punje ya mchele."

"Haukugusa kisanduku cha mwingine?"

"Haukugusa."

"Maana wanaziharibu kwa vitu kama hivyo. Nimewafundisha watu miaka yote hiyo kukaa ndani ya mstari." Akapapasa shuka, akampata mkono, akaushika. "Waite."

Wakaingia wamenuna. "Kura yangu iko ninapotaka," Mwalimu akawaambia. "Nimeuliza, nimejibiwa. Yaishe."

"Mama," Shemeji akasema, safari hii kwa upole, na upole ndio uliokuwa mbaya. "Ulitaka akujibu nini? Akuambie, ndiyo, nimekuibia?"

Wote wakamtazama mama, wakisubiri lile neno moja ambalo angelimaliza nalo jambo. Mama mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Dereva akahisi vidole vyake vinalegea mkononi mwake. Hakuuachia mkono. Lakini vililegea.

Garini, wakirudi nyumbani, mkewe alifungua mdomo walipofika kwenye taa za barabarani.

"Kwa hiyo kweli ulimwekea Mhandisi."

"Ulitaka nifanye nini?"

"Nilitaka utumie akili. Kura moja ya bure, Mungu kakuletea mkononi, na ya kwako huna. Umeingia mle ndani, kura pekee uliyoweka mwaka huu umempa mtu aliyemfukuza rafiki yako kazi."

"Ilikuwa ya mama yako."

"Najua ilikuwa ya nani!" Akageukia dirisha. "Na ungepata yako, ungempigia nani?"

"Unajua ningempigia nani."

"Nilikuwa najua."

Taa ikawaka kijani. Nyuma yao mtu akapiga honi.

Kesho yake, alfajiri, Dereva alitoa treni yake stesheni. Mchana kutwa alipita vijiji ambako mistari ya watu ilionekana kwa mbali, imejipinda kwenye shule na magodauni, wengine wakipunga mkono, naye akawapigia honi kwa kuwa ndivyo ilivyozoeleka. Matokeo aliyasikia siku ya pili, kwenye redio ya stesheni ya mwisho. Mhandisi alikuwa ameshinda, tena kwa tofauti ya kura chache. Mkuu wa stesheni alimtazama Dereva akingoja azime redio. Hakuizima.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa amesharuhusiwa, yuko sebuleni kwao, na bandeji imetolewa. Shemeji alikuwa amekuja na soda za kusherehekea. Alipomwona Dereva akaweka chupa chini, akaaga mama yake, akapita mlangoni bila salamu.

"Njoo hapa kwenye mwanga," mama mkwe akasema.

Dereva akasogea. Mama akamkazia lile jicho jekundu, bado linatoa machozi, akamtazama kuanzia nywele hadi buti zenye grisi. Ilikuwa miaka miwili tangu amwone sura. Dereva alitaka kumuuliza kama alimwamini siku ile hospitalini, na kama bado anamwamini leo. Akasimama tu atazamwe.

"Umeota mvi," mama mkwe akasema mwishoni. "Hawakuniambia."

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya sufuria ikitua kwa kishindo. "Mama," mkewe akaita, "mwambie mkweo chakula kiko tayari."

Mama mkwe akamgeukia Dereva. "Chakula kiko tayari," akasema.

"Nimesikia, mama," Dereva akajibu, akaenda kunawa mikono.